Zamu ya Maji ya Mzee Anaeli

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio, na anayekoroga uji aukoroge taratibu. Leo tunamkumbuka Mzee Anaeli, fundi mwashi wa Gonja, huku kwetu milimani Upare. Alijenga bwawa la kuogelea lisilotumia pampu wala umeme. Narudia: bila pampu, bila umeme.

Kwa nini? Binti yake, Nakunda, alizama kwenye ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Watu walikuwepo. Hakuna aliyejua kuogelea, hata baba mtu. Tangu hapo Anaeli alitaka kitu kimoja tu: watoto wa Gonja wajue kuogelea.

Ilikuwa miaka ya themanini, jamani. Sabuni kwa foleni, dizeli ndiyo usiseme. Sasa pampu ya nini? Maji ya ndiva hugawanywa kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Anaeli akatoa zamu yake. Maji yalishuka yenyewe kwa mfereji, yakajaa bwawani, na jioni yakafunguliwa kwenda kwa majirani wa chini. Shamba lake lilikuwa juu ya bwawa, likakauka.

"Maharage tukawa tunanunua," anasema mjane wake, Mama Ernesta. "Watu walituona tumerukwa na akili."

Na mwanzoni alikosea, tena vibaya. Alilijenga kama tunavyojenga ndiva: kina kirefu tangu ukingoni, chini ya mti, jua lisiyanywe maji. Lo! Watoto walitoka wakitetemeka, meno yanagongana. Kina mama wakaja juu, wakawachukua watoto wao. Anaeli akaukata mti. Akajaza mawe upande mmoja, mtoto aanze na maji ya magotini. Mfereji akaupitisha juu ya mwamba bapa unaochomwa na jua, maji yakafika yana uvuguvugu. Watoto wakarudi, kelele zikasikika mpaka barabarani! Mbaraka, mchuuzi wa samaki aliyekulia Pangani, akawafundisha kuogelea.

Kisha ikaja biashara huria. Gonja kikafunguliwa kibanda cha video. Jenereta likanguruma, watoto wakahamia huko. Mbaraka naye akaenda Dar es Salaam. Anaeli akabaki peke yake. Kila zamu yake ilipofika alilijaza bwawa, akaketi ukingoni mpaka jioni, akayafungua maji, akarudi nyumbani. Hakuna aliyekuja. Miaka ikapita hivyo. Inauma, wasikilizaji.

"Nilimwambia, Baba Nakunda, rudisha maji shambani," anasema Mama Ernesta. "Akanijibu, 'Je, akija mmoja akakuta pakavu?'"

Alifariki wiki iliyopita, akiamini kazi yake imepotea bure.

Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa, akaingia mwanamke kutoka Kileo, jina lake Lukia. Alikuwa mmoja wa watoto wale wa bwawani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtumbwi wetu ulipinduka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, mwezi jana. Nilimtoa mwanangu, nikarudi nikamtoa jirani. Nimekuja kumwambia mzee asante."

Mama Ernesta alimshika mkono.

Mama, pole sana, wewe na wote wa nyumba hiyo. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu aliyekufundisha jambo, naye hajui kama lilikusaidia. Usingoje kipindi kiishe. Zima redio, nenda ukamwambie.