Jina Ambalo Mwalimu Helena Hakulitaja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mwalimu Helena wa Ufukoni, hapa hapa Mtwara. Alifundisha shule ya Chuno miaka mingi. Nami nilipita mikononi mwake, na sikio langu la kushoto linamkumbuka vizuri.

Kwa miaka thelathini ya ndoa alimwita mumewe Baba Jesca. Amtaje mume jina? Haya zilimkataza.

Mwaka 2006, akimimina chai, kikombe kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande. Alitaka kusema Baba Jesca, maneno yakagoma. Likatoka moja tu: "Filipo."

"Moyo ulinilipuka," anasema Mzee Filipo, mstaafu wa bandari. "Nikajua mke wangu ananiacha."

Hali ikapita, ikarudi. Dar es Salaam, picha ilionyesha mshipa wa ubongo umebana. Umebana, wasikilizaji, lakini picha haikusema kwa nini. Ndugu wakasema ni mafuta, wakamnyima hata tui la nazi. Akapelekwa India. Huko wakashauri kupitisha waya, wautanue mshipa. Waya huo ungeweza kuuchana. Mzee alikubali.

Kabla ya siku yenyewe, daktari akaomba picha nyingine. Hii haikutazama njia ya damu. Ilitazama ukuta wa mshipa wenyewe. Kumbe mafuta hayakuwemo! Ukuta ulikuwa umevimba pande zote, kama koo lenye mafindofindo.

"Waya tuuache," daktari akasema. "Tuupoze mshipa kwa vidonge."

Vidonge vikamrudisha. Uso ulimjaa kwa dawa, wanafunzi wakanong'ona kwamba mwalimu kanenepa India. Maneno yakarudi polepole, na Baba Jesca akarudi nayo.

"Nilimwomba aendelee kuniita Filipo," anasema mzee. "Akacheka. Akasema, 'Lile lilikuwa la ugonjwa, Baba Jesca.'"

Akafundisha miaka mitatu zaidi. Wiki iliyopita moyo wake ulichoka. Pale hospitali, binti yake Jesca alimsikia akiita, "Filipo." Mzee akainuka kumkimbilia nesi, akidhani ni ule mshipa tena.

"Kaa," Helena akamwambia. "Safari hii nakuita makusudi."

Pole sana, Mzee Filipo. Pole Jesca, poleni walimu wa Chuno. Nasi tuliobaki tutafakari. Maneno yakikupotea, hata kwa dakika moja, usingoje yapite, nenda hospitali. Na yakiwapo, mwite mtu wako kwa jina.

Nilimuuliza mzee alimjibu nini mkewe.

"Nilikaa," akasema. "Nikaitika. Naam, Helena."