Nafasi ya Mtoto wa Nne

Jumatatu, 13 Aprili. Mvua ya masika ilianza kabla ya alfajiri, na kufika saa tatu asubuhi ilikuwa bado haijakatika.

FAKIHI: Haloo? Nani mwenzangu?

MWANAHERI: Mama Lulu, wa Tandale. Au na namba yangu nayo umeifuta?

FAKIHI: Ah, Mama Lulu. Za asubuhi. Simu mpya hii, majina hayajaingia. Niko kazini, na mvua hii—

MWANAHERI: Huku pia inanyesha. Niko kituo cha afya na Lulu. Selimundu imemshika tangu jana, miguu haikanyagi chini. Dirishani wanasema hayumo kwenye bima.

FAKIHI: Mfumo huo. Si nilikwambia unasumbua? Subiri wiki ijayo—

MWANAHERI: Mwezi uliopita ulisema hivyohivyo. Nikarudi na mtoto, nikamkanda maji ya moto siku tatu.

FAKIHI: Sasa mie nifanyeje? Haya mambo huwezi kuyaelewa, mama. Wewe hata kadi ya kliniki nilikuwa nakusomea mie.

MWANAHERI: Ulikuwaga. Mwaka wa pili huu nasoma darasa la jioni, Fakihi. Karani amenionyesha karatasi ya kaya yako, nimeisoma mwenyewe, kidole kwenye kila mstari. Mkuu wa kaya, wewe. Mke, Salma. Watoto wanne: yule wenu mchanga, halafu watatu wa Suleiman.

FAKIHI: [Mtandao unakwaruza.] ...sikupati vizuri, Mama Lulu...

MWANAHERI: Suleiman shemeji yako. Mwenye duka la mabati.

FAKIHI: Ilikuwa siku ya akika ya mtoto. Wakwe wote wamekaa mkekani, kila mtu anataja zawadi. Nami nikasimama, nikasema wajukuu wote wa nyumba ile watatibiwa kwa kadi yangu. Ungetaka nikae kama—

MWANAHERI: Ukasimama, ukatoa nafasi ya Lulu. Wakakupigia vigelegele, ukala pilau.

FAKIHI: Usinidharau. Nafasi za watoto ni nne tu, sikuzipanga mie.

MWANAHERI: Nne, na wa kwako ni wawili. Hesabu hiyo hata sie wa darasa la jioni tumeshaivuka.

[Kwa mbali mtoto analia.]

FAKIHI: Nani huyo analia?

MWANAHERI: Mtoto mmoja hivi. Hayumo kwenye kaya yako.

[Mvua inasikika kwenye bati.]

FAKIHI: Mama Lulu... nitaongea na Suleiman. Taratibu, asije akaona nimemvunjia heshima. Ijumaa baada ya swala—

MWANAHERI: Uandikishaji unafungwa leo saa sita mchana, mpaka mwakani. Karani anasema jina likirudi kabla ya hapo, Lulu anatibiwa leo hii. Kitambulisho chako, ofisi ya mtaa hapo Kipawa, mtoe mmoja. Ni hayo tu.

FAKIHI: Haya, nitaenda.

MWANAHERI: "Nitaenda" yako naijua, niliolewa nayo miaka sita. Alfajiri nimeswali, nikamwomba Mungu aniondolee matusi mdomoni, na ameniondolea. Lakini wewe ahadi unazitimiza zile za mbele za watu. Basi watu wapo. Simu iko laudi tangu uliposema ulikuwa unanisomea kadi. Benchi zima la kina mama linakusikia, na karani Ansbert.

ANSBERT: Habari yako, baba.

MWANAHERI: Na huyu hapa kushoto nimempitia kwake asubuhi, anishikie mtoto.

FAKIHI: Nani?

BI MWANABARAKA: Mama yako.

FAKIHI: ...Shikamoo, mama.

BI MWANABARAKA: Iweke kwanza. Mjukuu wangu yuko mapajani anatetemeka. Sema tusikie.

FAKIHI: Mama, mbele ya watu wote hao—

BI MWANABARAKA: Kule mkekani palikuwa hapana watu?

MWANAHERI: Salio limebaki la dakika moja, Baba Lulu.

FAKIHI: [Anashusha pumzi.] Mimi Fakihi natoka kazini sasa hivi, na mvua hii hii. Kabla ya saa sita namtoa mmoja wa Suleiman, namrudisha mwanangu Lulu kwenye kadi yangu. Suleiman nitamwambia mwenyewe, mbele ya wakwe. Mama, karani, na nyie wote hapo, ni mashahi—