Koti la Mgeni wa Polandi

EZRA: Haloo? Nani mwenzangu?

AIKAELI: Ni mimi, Aikaeli. Dada yako, kama bado unanikumbuka.

EZRA: Aah, dada! Shikamoo. Namba ya nani hii?

AIKAELI: Marahaba. Ya Mwalimu Gladys, niko naye semina. Yangu umeikimbia tangu asubuhi, nikasema nijaribu ya watu.

EZRA: Siyo kuikimbia, ni mtandao tu—

AIKAELI: Mtandao! Ezra, koti langu liko wapi?

EZRA: Limekuwa lako tena?

AIKAELI: Lako basi. Lile la manyoya ya bata alilokuachia yule mgeni wa Polandi uliyembebea mizigo mlimani. Tulikubaliana umpe mtu wa Marangu alilete asubuhi, na mimi niko hapa Moshi mjini nimesimama getini kama mlinzi. Baada ya chai ni zamu yangu!

EZRA: Zamu ya nini?

AIKAELI: Si nilikwambia? Semina ya walimu wa jiografia! Wanatufunza namna ya kufundisha habari za nchi nyingine, na huo utandawazi wao. Mkufunzi hataki kusikia mambo ya kukaririsha watoto mabara na miji mikuu. Kila mwalimu alete kitu kimoja cha nyumbani kwake kilichotoka ng'ambo, aeleze nani alikitengeneza, kimepita wapi, kimetufikiaje. Wenzako wanakaa kama wanafunzi, wanakuuliza. Gladys kaja na sufuria ya Kichina—

EZRA: [anacheka] Sufuria!

AIKAELI: Cheka. Rajabu wa Kahe kaja na kipande cha mpira wa kumwagilia vitunguu, watu wamempigia makofi mpaka basi. Mimi nimeandaa somo zima la Polandi. Theluji, viwanda, wanakula nini. Bila koti nitasimama pale nimeshika nini?

EZRA: Shika kitu kingine, sista. Shika hata simu.

AIKAELI: Simu wameshashika watu watatu. Ezra, koti liko wapi?

EZRA: Nimelivaa.

AIKAELI: Umelivaa? Na joto hili?

EZRA: Huku mlimani baridi, dada. Napanda na wageni leo, si Mama kakwambia?

AIKAELI: Kaniambia. Siku sita. Kakuchomea na ndizi. Mbona nasikia honi?

EZRA: Honi gani?

AIKAELI: Hiyo ya lori. Siku hizi malori yanapanda mlima?

EZRA: Bado tuko geti la hifadhi, tunapakua mizi— haloo? Haloo? Inakatakata, dada, nitakupi—

AIKAELI: Usikate! Nakusikia vizuri kabisa. Usinizingue, Ezra!

SAUTI YA MWANAUME: Oya Ezra, paspoti umeishika lakini? Tusije tukafika KIA tukaanza kutafutana.

[Mtandao unakwaruza.]

AIKAELI: Nani huyo?

EZRA: Fredy. Ananipeleka.

AIKAELI: Unaenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Niambie unaenda kupokea wageni.

EZRA: Dada...

AIKAELI: Niambie!

EZRA: Naondoka saa tisa. Yule mgeni kanitafutia kazi kwao. Kibali kimetoka, kila kitu halali. Ni kiwanda cha kufungasha uyoga. Miaka miwili tu.

AIKAELI: Uyoga! Ndiyo maana Jumapili uliniuliza Novemba huko baridi inakuwaje! Na mimi mjinga nafurahi, nadhani mdogo wangu ananisaidia kuandaa somo.

EZRA: Lilikuwa somo zuri. Nilielewa.

AIKAELI: Usinichekeshe, nitakupiga. Mama anajua?

EZRA: Hajui. Nilitaka kumwambia, wallahi... samahani, naapa kweli. Kila nikikaa naye jikoni anaanza, Ezra, ule mgomba wa kule chini umeinama, ukauwekee mti. Ezra, ng'ombe anazaa mwezi ujao. Ningemwambiaje?

AIKAELI: Wewe ndiye mtoto wa mwisho. Kihamba, shamba la ukoo, ni chako na Mama ni wako. Kaka Primus ana kwake, mimi nimeolewa kule Kilema. Ndivyo kwetu ilivyo, wa mwisho anabaki na wazazi.

EZRA: Kwani sijui? Nimebaki! Miaka yote nimebaki. Napandisha mabegi ya watu, nayashusha, nalala palepale nilipozaliwa. Wewe unafundisha habari za dunia, mimi naibebea mizigo. Nimechoka, Aika. Na mimi nataka nikaone.

AIKAELI: Sasa si ungeaga? Nani alisema ungekatazwa?

EZRA: Nikiisikia sauti yake siendi. Ndiyo hivyo.

AIKAELI: Huwa anasimama pale zizini kila jioni ukiwa juu. Anauangalia mlima, anakuombea. Leo atasimama. Kesho atasimama. Na wewe haupo huko!

EZRA: Utamwambia wewe, siku sita zikiisha. Wewe unajua kuongea.

AIKAELI: Mimi? Simwambii ng'o! Mwenyewe ukaruke angani, mimi niachiwe— ngoja. Simu yangu inaita.

EZRA: Nani?

AIKAELI: Ni Mama.

EZRA: Usipokee!

AIKAELI: Napokea. Naziweka spika zote mbili, nazibananisha. Umwambie mwenyewe.

EZRA: Aika, nakuomba—

AIKAELI: Haloo, Mama, shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Umeshafundisha?

AIKAELI: Bado, ndiyo wanatoka kwenye chai. Mama, Ezra yuko hapa kwenye simu ya mwenzangu. Ongea, atakusikia.

MAMA: Ezra? Baba, unanisikia?

EZRA: Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba. Umekula ndizi?

EZRA: Bado, Mama. Mama, mimi... wale wageni... Mama, siko mlimani. Naenda—

[Mlio mfupi. Simu ya Gladys imekatika.]

AIKAELI: Ezra? Ezra! Jamani, salio la Gladys limekwisha!

MAMA: Amekata?

AIKAELI: Ni salio, Mama. Ngoja nikueleze, tafadhali usishtuke—

MAMA: Sishtuki. Viatu vyake vya mlima viko hapa chini ya kitanda. Mtoto kaondoka na viatu vya kanisani. Nani anapanda mlima na viatu vya kanisani?

AIKAELI: Ulijua?

MAMA: Na Jumapili, ulipokuwa unajizoeza kufundisha hapa mezani, nani alikuuliza maswali yote yale? Wewe mwalimu gani humjui mwanafunzi wako?

AIKAELI: Mama, na hukusema kitu!

MAMA: Ningesema asingeenda. Nimelia zizini asubuhi, nimemaliza. Huyo ninayemsikia huko, si anakuita wewe?

AIKAELI: Ndiye mkufunzi. Nakuja, Mwalimu! Nakuja! Mama, koti lenyewe kaondoka nalo, sijui naenda kuwaambia nini.

MAMA: Mwache nalo, wewe mwenyewe ulisema kule kuna theluji. Waeleze hivyohivyo. Lakini kwanza omba simu ya mtu umpigie. Mwambie ale zile ndizi kabla hajapanda ndege. Nilichoma nyingi nikijua ni mbali.