Chaki ni ya Bati, Si ya Mtu
Wasifu wa Marehemu Gotthilf Pfleiderer (11 Novemba 1936 – 2 Machi 2023)

Tunayemsindikiza leo, Gotthilf Pfleiderer, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1936 katika kijiji hiki cha Maichingen, kitinda mimba wa watoto wanne wa Jakob Pfleiderer, mfumaji, na mkewe Friederike. Alizaliwa njiti, na mkunga alisema hatamaliza wiki. Mama yake alimlaza kwenye kikapu kando ya jiko, akawa anamwekea kiganja kifuani kila alipoona amenyamaza mno. Marehemu alipenda kusema kwamba aliokolewa na kiganja kilichojua jambo kabla ya jicho. Ndugu zake wote watatu wametangulia.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1943 hadi 1951. Huko bondeni Sindelfingen kilikuwapo kiwanda cha Benzi, chenye ile nyota ya ncha tatu, na mwaka 1944 alikiona kikilipuliwa kwa mabomu kutoka angani. Kabla ya hapo aliwaona pia watu waliotolewa kwao kwa nguvu na kuletwa kufanya kazi humo, wakipita asubuhi bila makoti. Mambo hayo hakuyasahau, na mtu akisimulia historia ya kiwanda kwa kuiruka miaka ile, marehemu alimkatiza papo hapo, hata kama msimuliaji ni mgeni wa heshima.

Hata hivyo hadithi iliyomteka roho aliipata darasani. Mwalimu aliwasimulia jinsi Bertha Benz, mke wa mvumbuzi wa gari, alivyoondoka nyumbani alfajiri moja ya Agosti 1888 na wanawe wawili, bila kumuaga mumewe, akaliendesha lile gari la magurudumu matatu kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita mia moja, wakati ambapo watu hawakuamini kwamba gari linaweza kufika popote. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa. Mrija ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika, alimwamuru fundi viatu azipigilie ngozi. Watoto wengine waliuliza kama mumewe alimgombeza. Gotthilf aliuliza kama ile ngozi ilishika. Mwalimu akamwambia, "Wewe utaishia kiwandani."

Na kweli, Jumatatu ya tarehe 2 Aprili 1951, akiwa na miaka kumi na minne, aliingia kiwandani kujifunza ufundi bodi, akatoka humo mwaka 1999. Miaka thelathini na tisa ya mwisho alikuwa kwenye ukaguzi wa bati tupu, yaani bodi ya gari kabla haijapigwa rangi. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ila kuifanya ni maajabu. Unavaa glavu nyeupe za pamba. Unapitisha kiganja juu ya bati, polepole, kutoka mbele hadi nyuma. Pakiwa na bonde jembamba kuliko unywele, ambalo jicho halitaliona mpaka rangi ing'ae na jua lipige, kiganja kinasimama chenyewe. Unazungushia chaki, bodi inaenda kunyooshwa. Tuliowahi kumwona akifanya kazi hiyo tulijikuta tunanong'ona bila kuambiwa, kama tuko kanisani.

Bwana Durmuş Kocabaş, aliyetoka Kayseri, Uturuki, mwezi Oktoba 1964 na ambaye yuko nasi hapa leo, ameikumbuka siku yake ya kwanza.

"Funga macho," marehemu alimwambia.

"Nikifunga macho nitaionaje kasoro, fundi?"

"Ukiyafungua ndiyo hutaiona kabisa."

"Nikajisemea," anasimulia Durmuş, "haya, nimevuka nchi nne kuja kuajiriwa na mchawi."

Sheria ya ukaguzi marehemu aliisema mara moja tu kwa kila mgeni: chaki ni ya bati, si ya mtu. Kasoro inazungushiwa, inatengenezwa, basi. Nani kaisababisha, hilo mkaguzi haulizi. Kusifia nako hakukuwa desturi yake. Kwetu huku asiyekemewa ajue amesifiwa, na Durmuş anasema alisifiwa kwa miaka thelathini na mitano mfululizo.

Kila alipopata nafasi alikwenda kusimama kwenye ukumbi ambapo wateja huja kuchukua magari yao wenyewe. Walikuja wamevaa nguo za kanisani, babu, bibi na wajukuu, wengine wamesafiri usiku kucha. Mlango ukifungwa ulitoa sauti moja tu, nzito na ya upole, na watu wazima waliufungua tena ili waufunge tena. Marehemu aliwaangalia kwa mbali akiwa na mkate wake wa chumvi wenye siagi. Alisema anashangaa kila mara, kwamba mikono elfu kadhaa isiyojuana imekubaliana kutengeneza kitu kimoja, na kitu hicho kimekubali.

Tarehe 20 Mei 1961 alifunga ndoa na Lore Kienzle, mshonaji wa viti vya magari katika kiwanda hichohicho. Posa nusura ivunjike. Alipokaribishwa ukweni kwa dengu na tambi za mayai, kiganja chake kilitembea mezani bila ruhusa, kikasimama. "Meza hii ina bonde hapa, karibu na dirisha," alisema.

"Kijana, umekuja kuposa au kukagua?" mama mkwe alimuuliza. "Meza hii ni ya babu yangu!"

Lore alimimina maji kidogo mezani. Yalijikusanya palepale aliposema. Mama mkwe aliyatazama. "Haya, mchukue," akamwambia bintiye. "Huyu hutaweza kumficha kitu."

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Heidrun, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1965. Yanayofuata sasa Heidrun mwenyewe ameagiza yasomwe kama yalivyo.

Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na haki ya kununua gari jipya kila mwaka kwa bei ya nyumbani, kulitumia mwaka mmoja, kisha kuliuza. Marehemu alipitisha magari thelathini na matatu kwa namna hiyo, na hakuna hata moja lililozeeka mikononi mwake. Viti vilifunikwa shuka. Hakuna aliyekula ndani, hakuna aliyepandisha viatu vyenye matope. Heidrun alipolalamika kwamba wanaishi kama wageni ndani ya gari lao, baba yake alimjibu, "Mwenyewe anakuja mwakani. Sisi tunamtunzia."

Mwezi Oktoba 1984, Heidrun akiwa na miaka kumi na tisa, alirudi nyuma bila kuangalia na kuligonga gari la mwaka huo kwenye nguzo ya mawe ya duka la mikate. Ubavu wa nyuma wa kushoto, juu ya tairi, uliingia ndani upana wa kiganja. Baba na mama walikuwa safarini kwa treni hadi Jumamosi. Alikimbilia kwa Durmuş akilia.

"Baba ataniua, ami."

"Hatakuua. Ataligusa tu, nawe utatamani angekuua. Lete gari."

Durmuş alilifanyia kazi jioni tatu, akalinyoosha, akalipiga rangi, akalisugua. Yeye mwenyewe hakupaona tena mahali penyewe. Jumamosi marehemu akaosha gari kama kawaida yake, akakausha kwa ngozi laini, kisha akapitisha kiganja. Juu ya tairi ya nyuma kushoto kiganja kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena. Heidrun alikuwa mlangoni na ufagio, kwa kuwa ilikuwa zamu ya nyumba yao kufagia njia, na aliyaona yote. Marehemu akakamua kile kitambaa cha ngozi, akakianika, akaingia ndani kunywa kahawa. Jumatatu kazini alikata mkate wake, nusu akampa Durmuş. Hakusema kwa nini.

Mwaka uliofuata mnunuzi akaja, mwalimu kutoka Ulm. Marehemu aliushika mkono wake na kuuweka mahali pale. "Hapa paligongwa, pakanyooshwa."

"Mbona sioni kitu?"

"Huwezi kuona. Ndiyo maana nakwambia."

"Aligonga nani?"

"Gari lilikuwa langu, bwana."

Heidrun alikuwa dirishani jikoni akimenya viazi, na maneno hayo aliyasikia yote. Alitaka kutoka aseme. Akaendelea kumenya. Siku ile ikawa wiki, wiki ikawa miaka, akaolewa, akazaa, akawa mwalimu wa watoto wa watu na kuwafundisha ukweli, na neno lile moja likakaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila Krismasi aliazimia kulisema. Kila Krismasi likasubiri nyingine.

Marehemu alipostaafu alinunua gari moja la mwisho, la rangi ya kijani kibichi, akatangaza kwamba hili halitauzwa. Ndilo lililoko nje leo. Mwaka 2003 yeye na Lore walitembelea Moroko, na kule Fez walipanda teksi, Benzi ya dizeli ya mwaka 1979, iliyokwisha kutembea kilomita zaidi ya milioni moja. Aliomba gari lisimame. Akashuka, akalipitishia kiganja kuanzia boneti hadi buti, mabonde na viraka vyote.

"Mzee, unaliombea dua?" dereva akamuuliza. "Si gonjwa hili! Limeniozea mabinti watatu."

Lore anasema mumewe alicheka hadi machozi yakamtoka, na kwamba ndiyo mara pekee alipogusa kasoro mia bila kutafuta chaki mfukoni. Aliporudi alisema amefanya kazi miaka arobaini na nane bila kujua ni ya nini, na sasa amejua.

Tarehe 9 Januari 2019 alipatwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ulirudi, ila mkono wa kulia haukuhisi tena, si moto wala baridi. Hakulalamika. Aliuweka mapajani na kuutazama kama mgeni aliyekaa sana. Tangu hapo Heidrun alikuja kila Jumamosi kuosha gari la kijani, baba ameketi kwenye kiti uani, akiamuru.

"Sasa pitisha kiganja. Funga macho. Unahisi nini?"

"Sihisi kitu, Baba."

"Una haraka. Rudia."

Ilimchukua miaka miwili na nusu. Jumamosi moja ya Septemba 2021 kiganja chake kikasimama chenyewe, kwenye mlango, mahali ambapo macho hayakuona chochote. "Hapa kuna kitu, Baba!" Mzee akacheka kwa furaha. Heidrun hakucheka. Alikuwa amejua kwa kiganja chake mwenyewe kile ambacho baba yake alikihisi mwaka ule, na kwamba hakungekuwa na namna yoyote ya kutokihisi.

"Baba. Ile ya mwaka themanini na nne nilikuwa mimi."

"Nyuma kushoto, juu ya tairi," alisema marehemu. "Upana wa kiganja. Durmuş alifanya kazi nzuri sana."

"Miaka thelathini na saba! Mbona hukuniuliza?"

"Chaki ni ya bati, mwanangu. Mtu unamngoja."

Heidrun alipiga magoti penye maji ya sabuni, akaulaza uso wake juu ya ule mkono usiohisi. Marehemu akauangalia, akamwambia kwamba anahisi. Daktari anasema haiwezekani. Sisi hatukumuuliza daktari.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 2 Machi 2023, Lore akiwa amemshika mkono wa kushoto na Heidrun wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka themanini na sita, miezi mitatu na siku kumi na tisa.

Jana alasiri Durmuş na wenzake wawili wa ukaguzi walifika kwenye karakana ya seremala wetu, Bwana Immanuel Dürr, wakiomba kuliona jeneza kabla mwili haujawekwa. Walikuwa wamevaa glavu nyeupe. Walilipitishia viganja kimya kimya, Bwana Dürr amekunja mikono kifuani na Heidrun amesimama kando. Mfunikoni, upande wa kushoto kwenye miguu, kiganja cha Durmuş kikasimama. Akatoa chaki.

"Mimi sioni kitu," alisema seremala.

"Macho hayakuulizwa."

Bwana Dürr, aliyeuona ufundi wake ukiaibishwa, akawageukia watu wake. "Nani kati yenu..."

"Ni mimi," alisema Heidrun kabla swali halijaisha. "Asubuhi niliegemea hapo nikilia. Pete yangu ilizama kwenye ubao."

Safari hii hakungoja hata pumzi moja. Durmuş alimtazama, akachukua mkate mfukoni mwa koti lake, akaumega, akampa nusu. Kisha akaagiza msasa.

Marehemu ameacha mjane, Lore. Binti, Heidrun, na mkwewe, Volkmar. Wajukuu wawili, Annegret na Tilman. Kitukuu mmoja, Jonte. Rafiki yake wa miaka hamsini na minane, Durmuş Kocabaş. Na gari moja la kijani, ambalo sasa watu wanaruhusiwa kula ndani yake.

Mtakapopita kumuaga, wekeni kiganja juu ya mfuniko, kushoto kwenye miguu, mfumbe macho. Hamtahisi kitu. Apumzike kwa amani, na ule mkono wa kulia nao upumzike.