Spana Kaitwa Pasivu

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Asubuhi hiyo Spana, fundi bomba, alifika kabla birika halijachemka, uso umemshuka. Mkewe, anayesoma Kiingereza kwenye masomo ya jioni, alikuwa amefunga begi jana yake na kuhamia kwa mdogo wake. Bahati nzuri kijiwe chetu kina wataalamu: Koma, karani mstaafu asiyemaliza sentensi bila kupumzika njiani, na Pasi, dobi, ambaye Kiingereza chake chote alikipata kwenye lebo za mashati.

Spana: Kaniambia, "Leo tumefundishwa pasivu voisi, nikakuona wewe mzima mzima. Wewe ni pasivu." Kisha huyo, kaondoka.

Pasi: Mbona hilo si tusi? Pasivu linatokana na pasi. Maana yake umenyooka, huna kunyanzi hata moja.

Spana: Mtu anamkimbia mume aliyenyooka?

Pasi: Chema chajiuza. Kachoka kukuona hununuliwi.

Nikamimina kahawa. Koma akapuliza kikombe chake kama anayepuliza vumbi la mafaili.

Koma: Voisi, ndugu zangu, ni sauti. Kiingereza kina sauti mbili. Aktivu, ya mchana. Pasivu, ya usingizini. Wewe, Spana, unakoroma.

Spana: Miaka yote hii hajalalamika!

Koma: Haba na haba, hujaza kibaba. Sasa nijibu. Alisema wewe ni *kama* pasivu, au wewe *ni* pasivu?

Spana: Ni.

Koma akaweka kikombe chini, kama daktari mwenye habari mbaya.

Koma: Angetia "kama" ingekuwa tashbihi, wenyewe wanaita simili. Kosa dogo, unaomba radhi, yanakwisha. Bila "kama" ni sitiari. Metafa! Mwanamke akifika kwenye metafa, begi lilishafungwa zamani.

Spana akashika kichwa. Pasi, kwa huruma yake, akaona amsaidie zaidi.

Pasi: Darasani wanafundishwa preposisheni?

Spana: Anazikariri kila siku.

Pasi: Basi! Pri ni kabla. Posisheni ni nafasi. Kuna mtu keshashika nafasi yako kabla hujaondoka!

Spana: Darasa zima ni wanawake. Hata mwalimu ni bibi mwenye wajukuu.

Koma: Hiyo, huitwa aironi. Ukiona kila kitu ni salama, ujue umekwisha.

Nilimtazama Spana, macho yamemlowa, nikajidai natafuta sindano. Ndipo akatokea shemeji yake, yule mdogo wa mkewe.

Shemeji: Shikamoo, mzee. Hamjambo wote? Shemeji, naomba ufunguo nichukue vitabu vya dada. Ana mtihani.

Spana: Mwambie arudi, shemeji. Kukoroma nitaacha.

Shemeji: Kukoroma kumetoka wapi? Dada analia na bomba la jikoni linalovuja. Tangu mvua zilizopita anakinga maji kwa ndoo. Akikuuliza, huwa unamjibu nini?

Spana: Kwamba litatengenezwa.

Shemeji: Hiyo ndiyo pasivu anayoisema dada: kazi inatajwa, mtendaji hatajwi. Na nani?

Pasi akakumbuka kuwa ana mashati ya kunyoosha. Mtaa wetu una fundi bomba mmoja tu, na alikuwa amekaa katikati yetu.

Koma: Swali hilo, haliko kwenye silabasi.

Spana akainuka, akavuta mfuko wake wa vifaa kutoka chini ya benchi.

Spana: Na mimi.

Shemeji: Sijasikia.

Spana: Mimi! Nitalitengeneza mimi, sasa hivi. Twende nikufungulie mlango.

Jioni mkewe alirudi. Spana anasema mkewe hakumsalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, akalifunga, akasimama akisubiri tone. Tone halikuja. Ndipo akavua viatu.

Ama kahawa aliyoiacha Spana benchini, ilinywewa. Na nani, usiniulize.