Bi Chomoa na Taa ya Darasa la Mwisho

Baada ya miaka ishirini na saba, fundi wetu wa maabara ya kompyuta anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Jina lake limeandikwa mlangoni, ila hakuna anayelisoma. Kwetu yeye ni Bi Chomoa, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza mbele ya mashine yoyote inayougua.

Alipoanza kazi, kompyuta zilikuwa mbili tu, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya wageni. Alizilea zikawa chumba kizima. Siku moja alimtoa mjusi ndani ya projekta, akamwomba radhi kwa kumkatiza usingizi.

Kazi yake tunayoipenda kuliko zote ni taa ya darasa la mwisho koridoni, wanakosoma wenzetu viziwi. Kengele ikilia, taa inapepesa mara tatu. Zamani walijua kipindi kimekwisha kwa kutuona sisi tukipita mbio dirishani. Taa hiyo inaongozwa na bodi ndogo ya kielektroniki, inayotosha kiganjani, yenye adapta yake ukutani. Ukitaka kubadili saa za kengele, unaiunga na kompyuta kwa waya wa USB.

Mkuu wa shule alituambia wazi: asipopatikana wa kuitunza, taa itashushwa fundi akiondoka. Hapo klabu yetu ya elektroniki ikakosa raha.

Mwezi uliopita ratiba ikabadilika. Tuliunga waya, kompyuta kimya. Kisha kwa Kiingereza, ile lugha yetu ya pili ambayo huitumia kutukaripia, ikaandika kwamba haioni kifaa chochote. Tukaizima, tukaiwasha. Tukahamia tundu jingine. Kiranja wa klabu akatangaza kwamba kompyuta ndiyo mbovu, maana taa ya kijani kwenye bodi inawaka, kwa hiyo waya ni mzima. Sote tukaapa naye.

Bi Chomoa alivuta kiti hadi dirishani, akakaa, akatazama nje kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Msichana wa darasa la mwisho alisimama mlangoni, akamwuliza kwa ishara kama taa yao imekufa. Akamjibu kwa ishara: waulize hao.

Nakiri kwamba mimi huitika jina langu kwa kunong'ona, na ndiyo maana nimepewa kuandika badala ya kuhutubia. Lakini macho ya yule msichana yalinijia, nikasikia sauti yangu ikisema: "Chomoa adapta."

Tukachomoa. Kijani kikazimika. Kumbe mwanga tuliouamini ulitoka ukutani, na waya wetu haukuwa ukileta kitu. "Wanangu," akasema Bi Chomoa bila kugeuka, "mlikuwa mnampongeza waya kwa jasho la adapta."

Tukangoja kama alivyotuzoesha, mikono mapajani, umeme uliobaki ndani utulie. Sijui kama anajua jinsi tunavyoipenda ngoja hiyo. Vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, sauti za uwanjani zinakuja laini kana kwamba zimepita majini, na chumba kizima kinasahau kilikuwa kinakimbilia wapi.

Waya wa pili uliwasha kijani, ila kompyuta haikuona kitu. Ulikuwa waya wa kuchajia simu, unaopitisha umeme tu, taarifa haupitishi. Tulipochomeka wa tatu, kompyuta ikalia ule mlio wake mdogo. Yule msichana hakuusikia, lakini alituona tukirukaruka, akaruka naye. Bi Chomoa akainuka, akaenda kunywa chai.

Mkuu wa shule amekubali. Taa inabaki.

Ijumaa, kengele ya mwisho ikilia, taa haitapepesa. Tumeipangia kazi nyingine kwa siku hiyo moja: itawaka, itafifia polepole hadi kuzimika, itatulia kidogo, kisha itawaka tena taratibu. Tunaomba shule nzima, katika giza hilo dogo, iweke mikono mapajani.

Bi Chomoa, asante kwa mkono wako, na zaidi kwa kukaa kwako dirishani siku ile. Tunakutakia maisha mema, yenye asubuhi ndefu zisizo na kengele. Kiti chako tumekiacha palepale.