Chupa Mbili Safi za Maabara ya Kalaazar

"Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Afya: sisi wafanyakazi wa maabara ya kalaazar hapa Gondar tunakukaribisha kwa mikono miwili."

Mulunesh, mfanyakazi wa maabara, alisoma risala huku spika zikivuma. Kahawa ya kwanza ilikuwa imenywewa, ya pili iko motoni. Na kwa desturi ya hapa mgeni haondoki kabla ya kikombe cha tatu, hata nyumba iwake moto.

HISTORIA

"Kimelea cha kalaazar, ugonjwa huu wa kuvimba wengu, mgeni rasmi, hakikui kwa kujiamulia. Ndani yake zimo protini ndogo ndogo za kupasha habari. Zikiwashwa, kimelea hukua na kugawanyika. Zikizimwa, hukaa tu. Tumehangaika miaka mingi kuizima moja."

"Kama katibu wangu!" mgeni akadakia. "Asiponipasha habari, nami sifanyi kitu!"

Ukumbi ukacheka, na Daktari Bekalu, mkuu wa maabara, akawapita wote kwa kicheko.

MAFANIKIO

"Asubuhi umejionea chupa zetu mbili za kukuzia vimelea, zote safi. Vimelea..."

Hapo akaishia. Sentensi hiyo aliichomeka Bekalu kwenye risala: "Vimelea vyote vimekoma kukua." Mgeni alikwisha kuzipigia makofi chupa zile. Loo, ushindi gani huo! Ya kwanza, yenye vimelea vilivyozimwa protini, ndiyo pekee ilitakiwa iwe safi. Ya pili, ya vimelea visivyoguswa, ilitakiwa iwe nyeupe kama maji ya mchele kwa wingi wa vimelea. Lakini jenereta ya kabati la joto linalotunza chupa hizo ilihamishiwa ukumbini tangu juzi kwa mazoezi ya spika, na baridi ya Julai haina adabu kwa mtu. Chupa zikizidi kupoa, vimelea vyote vitakufa, na mbegu nyingine hawana. Mulunesh alitaka kulia.

"Soma, dada," Bekalu akanong'ona. "Soma kama ilivyoandikwa."

CHANGAMOTO

"Changamoto yetu, mgeni rasmi, ni wewe."

Watu wakageukiana.

"Yaani mapokezi yako. Chupa ya pili hatukuishinda sisi, imeshindwa na baridi. Umeme wake ndio huu unaovumisha sauti yangu."

"Mulunesh!" Bekalu akafoka.

MAOMBI

"Tunaomba jenereta irudi maabara sasa hivi, tusingoje kikombe cha tatu."

Mgeni akamgeukia Bekalu. "Na makofi yangu ya asubuhi nani atanirudishia?" Bekalu akainama. "Ipelekeni basi! Kahawa nitainywa gizani."

Spika zikazimika. Watu wa nyuma wakadhani risala imekwisha, wakashangilia. Mulunesh akamalizia kwa koo lake mwenyewe:

"Mungu akupe afya na maisha marefu, mheshimiwa, na vimelea vyetu pia. Ni sisi, wafanyakazi wa maabara ya kalaazar."